Vifaa vya kuandaa maganda ya risasi: kabla hujalipa, uliza kinapimia wapi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaishi Texas karibu na San Antonio, na kama wanaume wengi wa kule msimu wa kulungu ukifika ofisini humpati. Tangu ule uhaba wa risasi wa 2020 na 2021, maduka mengi Marekani rafu zikiwa nyeupe, akaamua kuanza kujaza risasi zake mwenyewe, yani ukishapiga unaokota ganda, unalisafisha, unalinyoosha, unaweka praima mpya (kile kikofia kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti na kichwa kipya, unatumia tena. Kule ni jambo la kawaida kabisa, mtu anafanya gereji kwake kwa matumizi yake bila leseni yoyote ya serikali kuu, ila akitaka kuuza ndo habari nyingine.

Sa mi naingiaje hapo? Mi ni fundi wa kukereza, nipo Gerezani ya Dar, pale kwenye karakana, miaka yote hii, shafti, bushi, pini za katapila, ndo kazi zangu. Shemeji akawa ananitumia WhatsApp picha za vifaa, "shem hii ikoje, shem hii nayo", kwa hoja kwamba chuma ni chuma na shaba ni shaba. Na kwa kweli baada ya kuviangalia vingi, alafu nikapata nafasi ya kwenda kuwatembelea na kuvishika kwa mkono, nikaona ana hoja. Hivi ni vifaa vya karakana, vidogo tu. Ndo maana naandika.

Kabla sijaendelea, kwa wasomaji wa hapa nyumbani: huku kwetu sio kule. Sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina utani, silaha kwa leseni, risasi kwa leseni, na kutengeneza risasi bila kibali ni kesi. Kwahiyo asije mtu inbox kuniuliza nimkerezee dai (ile tundu la chuma ambalo ganda linasukumwa ndani lirudi umbo) ya kitu chochote, sikerezi, na usiniletee hata picha. Naongelea vifaa na vipimo, na naongelea gereji ya Texas.

Haya. Ganda la risasi ya bunduki ndefu ni shaba nyeupe, ile aloi ya asilimia 70 kopa na asilimia 30 zinki. Ukipiga, moto ndani unalitanua mpaka linajaza chemba ya bunduki, yani pale ganda linapokaa, ndo linashika kuta na kuziba gesi isirudi nyuma usoni kwako. Likitoka linakuwa nene kuliko lilivyoingia, kwahiyo inabidi ulipake mafuta maalum kidogo, ulisukume kwenye dai kwa presi lirudi kipimo chake. Hapo ndo penye mambo, kwa sababu shaba ikibanwa tumboni inaenda wapi? Inapanda juu, shingo inarefuka. Alafu kile kigoroli cha ndani ya dai kinachopanua shingo kikivutwa kutoka nacho kinaivuta tena. Ukirudia na kurudia ganda linazidi urefu, na siku mdomo wake ukigota kwenye mwisho wa chemba, chemba inaubana ule mdomo juu ya kichwa cha risasi, kichwa hakiachiliwi kirahisi, presha inapanda vibaya. Hiyo ndo hatari yenyewe. Mambo mengine mengi ya kuandaa ganda ni ya usahihi na ya umaridadi, ila urefu ni wa usalama.

Vipimo viko wazi na havibadiliki kwa maoni ya mtu. Kila aina ya risasi ina chake: .308 Winchester, ile ya tangu 1952, ganda lisizidi inchi 2.015 na ukilikata unalishusha mpaka 2.005. .223 Remington isizidi 1.760, unakata mpaka 1.750. .30-06 ni 2.494 na 2.484. Unaona kote nafasi unayopewa ni elfu kumi za inchi, yani 0.010, robo milimita na kidogo. Kwa mtu wa karakana hiyo ni nafasi kubwa, gari inapita. Ila ukiwa na kifaa kinachoyumba na venia (kile kipimo cha taya) ya kubahatisha unaweza ukaimaliza yote bila kujua.

Sasa kosa ninaloliona kwenye maswali ya watu, shemeji akiwemo, ni kuangalia kifaa kina mota au hakina, kina rangi gani, kinafanya ganda ngapi kwa dakika. Mi swali langu la kwanza kwa kifaa chochote kinachokata ni moja tu: kinapimia wapi? Yani wakati kisu kinasimama, kimesimama kwa kuegemea nini? Mafundi wa mashine wanajua hili, ukikereza shafti unachagua uso mmoja kuwa mwanzo na vipimo vyote unavitoa hapo, ukihamahama umekwisha. Vikatio vya maganda ukivichambua kwa jicho hilo, hata viwe vya makampuni ishirini, vinabaki familia mbili. Kuna vinavyoegemea kitako cha ganda, na kuna vinavyoegemea bega, pale mwili wa ganda unapoanza kukonda kuelekea shingoni.

Familia ya kitako ndo kongwe. Kile cha Lee Precision, kampuni ya Wisconsin, ndo cha bei ya chini kabisa na ndo nilichokipenda kuliko vyote, sio kwa bei peke yake. Ni kisu kidogo cha mviringo, kinafungwa kwenye fimbo ya chuma iliyotengenezwa kwa aina moja tu ya risasi. Fimbo inaingia mdomoni mwa ganda, ncha yake nyembamba inapita kwenye tundu la moto kule chini, lile la kupitisha moto wa praima, inagota kwenye kile kishikio kilichobana kitako. Ikigota, basi, kisu hakikati tena hata uzungushe mpaka kesho. Hakuna skrubu ya kurekebisha, hakuna namba za kusoma, kwahiyo hakuna cha kuharibika. Ukitaka ganda fupi zaidi ya hapo unapiga ncha ya fimbo tupa kidogo tu, ila ukishapiga hairudi, kwahiyo wengi wanaiacha ilivyo. Ubaya wake ni kwamba kila aina ya risasi inataka fimbo yake, na kama una maganda mia tatu mezani mkono utakuuma.

Alafu kuna vile vya mfano wa kikerezi kidogo, vina kitanda, vina mkono wa kuzungusha. Forster wa Illinois ndo jina kubwa hapo. Kitako kinabanwa na koleti, yani kishikio kinachojifunga kukizunguka, pailoti, ile pini ya kuongoza kisu, inaingia shingoni, unazungusha. Ni chuma kizuri, kimetulia, na unaweza ukakiongezea kisu kinachokata urefu na kupiga chamfa (kuchonga ukingo wa mdomo uwe na mteremko) ndani na nje kwa mpigo mmoja. Ila koleti ina tabia yake, watu wa mashine wataielewa haraka: ukikaza, inavuta kazi ndani kidogo, na inavuta kiasi gani inategemea unene wa ukingo wa kitako. Ukichanganya maganda ya viwanda tofauti utaona urefu unacheza elfu mbili tatu za inchi, unaanza kulaumu kisu wakati mkosaji ni koleti. Dawa yake ni kupanga maganda kwa kiwanda, au kukaza kwa nguvu ileile kila mara, jambo ambalo mkono wa binadamu unalifanya vizuri mpaka unapochoka. L.E. Wilson yeye kaenda njia nyingine, anashika mwili mzima wa ganda kwenye bomba lenye mteremko uleule wa ganda, pailoti haihitajiki kabisa, na mdomo unatoka sambamba na mwili. Kile kifaa ukikishika unajua kimetengenezwa na mtu anayejua kukereza. Wapiga shabaha wa mashindano wanakipenda na siwalaumu.

Familia ya bega ni ya wenye haraka. Kuna kikatio kinaitwa WFT, unafunga kwenye drili, ganda unalishika kwa vidole, unalisukuma ndani ya kichemba chenye beringi, bega likigota ndo mwisho wa kukata, sekunde mbili tatu umemaliza. Giraud ni hiyohiyo habari ila ina mota yake na inapiga chamfa ndani na nje palepale, na bei yake ni mamia ya dola, ni ya mtu anayepiga maelfu. Ukiwa na .223 ya kupigia nguruwe pori, kama shemeji, na wale nguruwe wa Texas ni janga kweli sio masihara, maganda yanajaa ndoo, familia ya bega ndo inakufaa. Sharti lake moja: ganda lazima liwe limeshapita kwenye dai kwanza. Bega la ganda ambalo halijanyooshwa liko popote, na kifaa kinaegemea hapohapo, kwahiyo ukikata kabla ya kunyoosha unakata upuuzi. Na hata kwa familia ya kitako bado unanyoosha kwanza alafu ndo unapima, maana ganda linarefuka kwenye dai, sio mfukoni.

Kuna watu wanabishana ipi sahihi zaidi, kitako au bega. Kwa maganda mengi haya yasiyo na mkanda, yani ile pete nene kitakoni, bunduki yenyewe inalisimamisha ganda kwa bega, kwahiyo anayepimia begani anapata urefu wa shingo uleule kila ganda hata kama urefu wa jumla unacheza kidogo. Anayepimia kitakoni anapata urefu wa jumla uleule na shingo ndo inacheza. Vyote ni sawa ilimradi uwe ndani ya ile robo milimita, na ujue kipi kinacheza ili usishangae ukipima.

Nilipokuwa kule jioni moja tulikaa gereji, nje joto la Texas linafanana na la Dar mwezi wa pili ila kavu, linakukausha mpaka midomo. Akanipa .308 na kile kikatio cha Lee. Mzunguko wa kwanza kisu kinagusa upande mmoja tu, unasikia krr, kimya, krr, kimya, hapo unajua mdomo haukuwa sambamba. Unaendelea, kimya kinapungua, mpaka inakuwa mlio mmoja usiokatika na nyuzi nyembamba za shaba zinajikunja zinakudondokea mapajani. Alafu ghafla mlio unakufa, mkono unakuwa mwepesi. Umefika. Nikapima, 2.005, nikapima lingine, 2.005, lingine 2.0055. Kwa kifaa ambacho bei yake haifiki hata ya tairi la bodaboda! Nikamwambia shem, hapa hakuna cha kutafuta tena kwa .308 yako, kwa msimu mzima unapiga risasi ngapi wewe, kulungu hawafiki hata vidole vya mkono.

Ila ganda likishakatwa mdomo unabaki na miba, ndani na nje, ukipitisha kidole unaisikia. Nje unatoa miba tu, kidogo, ukizidisha unanoa mdomo kama wembe na unadhoofika. Ndani unapiga chamfa ili kichwa cha risasi kiingie bila kukwanguliwa koti lake. Kifaa chake ni kile cha mkono, upande mmoja cha ndani upande mwingine cha nje, pembe ya kawaida nyuzi 45. Kama unatumia vile vichwa virefu vyembamba vyenye kitako kilichochongoka kuna cha ndani chenye pembe kali zaidi, nyuzi 28 au 22, kinaacha mteremko mrefu na kichwa kinateleza. Mizunguko miwili mitatu ya vidole inatosha. Watu wanakaza kama wanatoboa ukuta. Hiki kifaa nunua kizuri mara moja, kisu kikali kisichoacha mawimbi, kitakaa na wewe maisha.

Na waya. Jamani waya ndo kifaa bora kwenye ile meza na ni cha bure. Unachukua waya mgumu mwembamba, hata klipu ya karatasi iliyonyooshwa, unakunja ncha kidogo pembe mraba, unanoa ncha, unaiingiza ndani ya ganda mpaka chini alafu unaivuta juu taratibu ikikwaruza ukuta. Ukuta mzima inapita laini. Ukisikia ncha inadumbukia kwenye kamfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo limeanza kukatika kwa ndani, shaba imevutwa mpaka imekonda, na kwa nje saa nyingine utaona pete inayong'aa palepale. Hilo halinyooshwi, halikatwi, linapondwa kwa koleo linatupwa kwenye chuma chakavu. Hapo usiwe na huruma, likikatika ndani ya bunduki nusu inabaki kwenye chemba na gesi inakurudia. Mimi nilikuta mawili kwenye ndoo yake, ya kuokota kwenye uwanja wa shabaha, hayajulikani yamepigwa na bunduki gani mara ngapi.

Tuje kwenye venia, maana hapa nina maneno na wa Kariakoo pia itawasaidia hata kama maganda hayawahusu. Shemeji alikuwa tayari kununua presi ya bei mbaya, alafu venia akachukua ile ya plastiki. Nikamwambia geuza. Zile za dijitali za Kichina zinazojaa Kariakoo sio zote mbovu, nyingi zinapima vizuri tu, shida ni kwamba huwezi kujua ipi mpaka uijaribu. Funga taya uangalie kwenye mwanga, mwanga usipite. Weka sifuri, fungua funga mara nyingi kwa kasi tofauti, irudi sifuri ileile. Alafu chukua beringi mpya ya kampuni ya kueleweka, mfano 6301 ile ya tairi la mbele la bodaboda, kipenyo cha nje ni milimita 37 kamili, tundu 12, upana 12. Beringi inatengenezwa kwa mikroni, kwahiyo una kipimo cha rejea kwa bei ya chipsi. Ikisoma 36.98 mpaka 37.02 na inarudia vilevile kila ukipima, chukua. Ikisoma 37.00 alafu 36.91 alafu 37.04, mrudishie mwenye duka. Mitutoyo halisi, ile venia ya Kijapani, ni raha lakini bandia zake nazo ni nyingi kuliko halisi, angalia usije ukalipia jina.

Ukishakuwa na venia nzuri unaongeza kale kavalisho kanakofungwa kwenye taya, Hornady wanakatengeneza, kanashika bega la ganda ili upime umbali kutoka kitako mpaka begani. Hicho ndo kinakwambia dai yako inasukuma bega nyuma kiasi gani. Kwa bunduki ya kuvuta bolti wengi wanalenga elfu mbili hivi za inchi kutoka pale lilipotoka kwenye chemba, sio zaidi. Ukilisukuma sana kila mara ndo unatengeneza ule mfereji niliousema wa kwenye waya. Yani kifaa hiki kidogo kinarefusha maisha ya ganda kuliko mashine yoyote ya kung'arisha.

Kung'arisha sasa. Kuna mashine ya kutikisa yenye punje za magunzi ya mahindi au maganda ya walnati, na kuna pipa la kuzungusha lenye maji na vijipini vya chuma cha pua. La maji linatoa ganda linang'aa ndani nje mpaka kishimo cha praima, ila vijipini vinanasa shingoni na kwenye tundu la moto, lazima uhesabu na ukaushe. La magunzi ni la taratibu na linatimua vumbi. Na vumbi lile sio la kuchezea, praima nyingi zina risasi, ile metali yenyewe, masalia yake yako kwenye maganda, kwahiyo usichekechee sebuleni, usile hapo, nawa kwa sabuni, watoto wasikae karibu. Dada alimtoa jikoni na magunzi yake na alifanya sawa.

Alafu kuna huyu wa kila nyumba, Brasso. Najua, ukiona shaba mkono unaenda kwenye Brasso wenyewe, tumekua tunang'arisha nayo mikanda ya skauti na vitasa. Kwa maganda hapana. Ina amonia, na amonia na aina hii ya shaba yenye mkazo ndani yake haviivi chungu kimoja, ganda linapasuka lenyewe bila hata kupigwa. Hili sio jipya, jeshi la Waingereza huko India enzi za ukoloni walihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, amonia ya mikojo ikafanya kazi yake, maganda yakapasuka shingoni yakiwa yamekaa tu.

Kishimo cha praima kwa msimu wa kuwinda kinahitaji kakifaa ka kukwangua masizi, kabei ka soda. Kinachohitaji hela ni kama unaokota maganda ya jeshi, yale yenye alama ya msalaba ndani ya duara au herufi LC za kiwanda cha Lake City kule Missouri, praima zake zimebanwa ukingoni zisitoke, na ukishaitoa ule ukingo unazuia mpya isiingie. Hapo unachagua kuukwangua kwa kisu au kuusukuma pembeni kwa kifaa cha kubana. Mi ni mtu wa kusukuma, Dillon wana kimoja kinachofungwa mezani, hakitoi shaba na kina kikomo, kisu mkononi mwa mtu mwenye haraka kinapanua kishimo na ganda limekufa. Na yale yenye matundu mawili ya moto badala ya moja, ya mfumo wa Berdan, achana nayo, pini ya kutolea praima itavunjika na hata fimbo ya Lee haipiti. Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndo wamebaki na mfumo wa Boxer.

Sasa yale mastesheni ya umeme, Lyman, RCBS, Hornady, Frankford Arsenal, vichwa vitano sita vinazunguka kwa mpigo, chamfa hapa, kukwangua hapa, brashi pale. Ndo shemeji anayoyatamani, na kila wiki ananitumia picha. Msimamo wangu uko palepale. Hayo hayakupi usahihi wowote ambao mkono haukupi, yanakupunguzia maumivu ya vidole, na hicho ni kitu halali kabisa kulipia kama una maganda elfu moja au mikono ina baridi yabisi. Kama una hamsini, ni mapambo. Mota inaondoa hisia pia, ile krr kimya krr huisikii, na kwenye chamfa unazidisha kabla hujajua. Ila ukisikia mtu anasema ni utoto, naye anatia chumvi, rafiki yake shemeji ana stesheni na anafanya kazi safi, yeye lakini anapiga kila wikendi.

Kupasha moto shingo ili shaba ilainike isipasuke nitalipita haraka, lina mambo yake. Anayeanza halihitaji, kitako cha ganda kisiguswe na moto hata kidogo, basi.

Kwahiyo tulipofikia mpaka sasa: Lee ya .308, WFT ya .223 kwa sababu ya ndoo za nguruwe, kichamfa cha mkono, venia nzuri na kavalisho kake, waya. Kilichobaki kinatugombanisha ni .375 H&H, ile ya Holland & Holland ya London ya 1912, maana ana ndoto ya kuja kuwinda nyati Selous na nchi nyingi za Afrika zinaiweka hiyo kuwa ndo ya chini kwa wanyama hatari. Anataka nayo kikatio cha bega ili afanane na .223. Mi nimekataa. Bega la .375 limelala mno, nyuzi 15 tu, wakati la .223 ni 23. Bega likilala hivyo, tofauti ndogo tu ya unene inakuwa kubwa kwenye urefu, ganda lililozidi unene kwa nusu elfu ya inchi upande mmoja kwenye .223 linakosea elfu moja na kidogo, kwenye .375 linakaribia elfu mbili, na hapo hujaweka nguvu ya kidole kinachosukuma kama kabari. Juu ya hapo lina mkanda kitakoni, kwahiyo bunduki nyingi zinalisimamisha hapo na bega lake kila kiwanda kinaliweka kinapopenda. Hilo ni la kupimia kitakoni, Wilson kama ana hela, Lee kama hana, ganda ishirini zote zinaisha kabla chai haijapoa. Nimemtumia mchoro na hesabu zake juzi, tiki za bluu zimetokea, jibu bado.